Mchezo umebuma: tunaondoka au tunabaki?

Kuna maswali wachumba wanafundishwa kuulizana mapema. Unataka watoto wangapi? Nani atashika hela? Krismasi tunakwenda kwenu au kwetu? Mimi naongeza moja ambalo sijawahi kulisikia kwenye kicheni pati yoyote: mkienda kuangalia mchezo wa jukwaani ukawa mbovu, ninyi ni watu wa kuondoka au wa kukaa mpaka mwisho?

Usicheke kwanza. Filamu mbovu haimsumbui mtu. Ukiwa nyumbani unabadili chaneli, ukiwa kwenye jumba la sinema unatoka zako na aliyeigiza hatajua mpaka anaingia kaburini. Jukwaani ni habari nyingine. Pale mbele kuna binadamu wenzako, jasho linawatoka, mita chache kutoka ulipokaa, na wanakuona. Ukinyanyuka kiti kinalia. Ukitembea viatu vinasikika. Na pembeni yako yupo mtu uliyekuja naye, ambaye labda anafurahia, au labda anateseka kimyakimya akidhani wewe ndiye unayefurahia.

Mimi ni mtu wa kuondoka, nasema wazi. Nikishaona mchezo hauna kichwa wala miguu, mkono uko kwenye mkoba na macho yako mlangoni. Mume wangu, ambaye humu nitamwita Baba Neema kama majirani wanavyomwita, alikuja kwenye ndoa akiwa mtu wa kubaki. Kwao walilelewa hivyo: chakula hakimwagwi, kazi haiachwi njiani, na kilicholipiwa kinamalizwa. Nakwambia kweli, kumbi za maigizo zimetufundisha mambo ambayo hata wasimamizi wetu wa ndoa hawakuyagusa.

HELA IMESHAENDA, NDUGU YANGU

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulikwenda kwenye ukumbi mmoja hapa Dar. Tiketi Sh 20,000 kila mmoja, hujaweka teksi ya kwenda na kurudi. Tangazo lilisema saa moja kamili usiku. Mchezo ukaanza saa mbili na nusu. Maiki zinapiga mluzi, mhusika mkuu anasoma maneno yake kwenye karatasi aliyoificha ndani ya gazeti, na yule mama aliyekufa kwa presha kwenye onyesho la pili akarudi kwenye onyesho la nne kama jirani, kitenge kilekile. Ukumbi mzima ukacheka, na ile ilikuwa sehemu ya msiba.

Nikamnong'oneza: "Mume wangu, twende."

Akajibu bila hata kugeuka: "Tumelipa elfu arobaini."

Mazungumzo yakaishia hapo. Tulitoka saa tano na robo, njaa inauma, na kwenye teksi kila mtu akawa anaangalia dirisha la upande wake.

Sasa hebu tupige hesabu taratibu. Ile elfu arobaini ilikuwa imeshaenda tangu tuliponunua tiketi. Ukiondoka saa tatu, imeenda. Ukibaki mpaka saa tano, imeenda. Kubaki hakurudishi hata senti. Kitu pekee kilichokuwa bado mikononi mwetu ni yale masaa mawili yaliyobaki, na hayo nayo tukayatoa bure, kama nyongeza juu ya hela.

Wala Baba Neema si peke yake. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha utafiti walioufanya kwenye dirisha la tiketi za maigizo la Chuo Kikuu cha Ohio. Waliwachukua wateja 60 wa mwanzo waliokuja kununua tiketi za msimu mzima. Bei ya kawaida ilikuwa dola 15. Wengine wakauziwa kwa bei hiyohiyo, wengine wakapunguziwa dola 2, na wengine dola 7, bila kuambiwa kuwa wapo kwenye utafiti. Michezo ni ileile, viti ni vilevile. Nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi kuliko wale waliopunguziwa. Nusu ya pili, uchungu wa hela ulipopoa, tofauti ile ikayeyuka.

Yaani mtu anakwenda kuangalia mchezo kwa sababu pochi bado inamuuma! Nilipomsomea Baba Neema habari hii akaniambia, "Hao wazungu wamegundua nini ambacho mama yangu hakijui?" Alikuwa anatania. Ila kumbe mama yake kweli alikuwa anajua zaidi, na nitafika huko.

WOTE HATUTAKI, WOTE TUNABAKI

Kuna aina ya pili ya kubaki ambayo ni mbaya kuliko ile ya hela. Ni ile ya kubaki kwa ajili ya mwenzako bila kumuuliza.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Baba Neema, na mchezo aliuchagua yeye mwenyewe. Mrefu kama mwezi wa Januari. Watu wawili wamekaa kwenye viti, wanaongea kuhusu shamba ambalo hatulioni, wanakaa kimya, wanaongea tena. Nikasema leo siku yake, acha nimwachie. Nikatabasamu masaa mawili na nusu mpaka mashavu yakauma. Tulipofika kwenye gari nikamuuliza kwa upole, "Umefurahi?"

Akashangaa. "Mimi? Mimi nilitaka kuondoka tangu mapumziko. Nikakuona unatabasamu, nikasema mke wangu amenogewa, acha nivumilie."

Tukatazamana. Masaa mawili na nusu, watu wawili wazima, kila mmoja anamvumilia mwenzake kwa kitu ambacho hakuna aliyekitaka!

Ugonjwa huu una historia yake. Mwaka 1974 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jerry Harvey, aliandika kisa cha familia ya mke wake huko Texas. Walikuwa wamekaa zao nyumbani wanapumzika, jua kali, mzee akatoa wazo waende mji wa Abilene kula. Mmoja akasema sawa, mwingine akasema sawa. Wakaendesha maili 53, sawa na kilomita 85 hivi, kwenye gari lisilo na kiyoyozi, vumbi na joto, chakula chenyewe kibaya. Waliporudi ndipo ikajulikana hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda. Kila mtu alikubali akidhani wenzake wanataka. Hata mzee mwenyewe alitoa lile wazo kwa sababu alihisi watu wamechoka kukaa.

Ni nyumba ngapi hapa mjini kila wikiendi zinakwenda Abilene? Mnakwenda kwenye baa ambayo wote mmeichoka. Mnachangia sherehe ambayo wote hamuipendi. Mnakaa kwenye mchezo mbovu, mmeshikana mikono, kila mtu anamhurumia mwenzake.

Usiku ule, tukiwa bado kwenye maegesho, tukawekeana utaratibu. Nikikuminya kidole gumba mara mbili, maana yake mimi nimechoka, wewe vipi? Ukinirudishia mara mbili, tunaondoka wote. Ukinirudishia mara moja, tunasubiri mapumziko kisha tunaamua. Ukinitulizia mkono, ina maana wewe unafurahia, kwa hiyo mimi natoka peke yangu, nakusubiri nje na soda yangu, na hakuna kununiana. Sharti la mwisho ndilo lililotuchukua muda kulikubali, na ndilo lililosaidia kuliko yote.

MAMA MKWE NA NOTI YA ELFU TANO

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pangani. Amekulia kwenye ngoma na taarabu. Alipokuja Dar kutusalimia, tukampeleka kuangalia mchezo mmoja wa mafunzo kuhusu mirathi. Nia nzuri kabisa, lakini baba mmoja pale jukwaani alikuwa anahubiri tu, dakika kumi, dakika ishirini, anatunyooshea kidole kama sisi ndio tuliodhulumu wajane. Aliyeuokoa mchezo alikuwa binti mmoja aliyecheza msichana wa kazi. Maneno yake hayakuzidi kumi, lakini kila akiingia na ndoo, ukumbi unaamka.

Katikati ya hotuba, nikaona mama anafungua fundo la khanga. Akatoa noti ya Sh 5,000, akanyanyuka, akatembea kwa mwendo wa bibi harusi mpaka mbele, akamtunza yule binti mkononi, palepale jukwaani. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Binti akapiga goti, "Ahsante mama." Mama akashuka, hakurudi kwenye kiti. Akanyoosha moja kwa moja mlangoni. Baba Neema akajifanya anafunga kamba za viatu, halafu na sisi tukamfuata.

Nje nikamuuliza, "Mama, mbona umetoka?"

"Kwani nimevunja adabu, mwanangu? Aliyenifurahisha nimemtunza. Waliobaki nimewaachia nafasi."

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi. Sisi tunaojiita wa kisasa tumejifunza kwamba mtazamaji mstaarabu anakaa kimya gizani na kupiga makofi mwishoni, hata kama makofi yenyewe ni ya uongo. Mama yeye ametoka kwenye utamaduni ambako hadhira inasema. Kwenye taarabu ukiguswa unakwenda kutunza. Kwenye ngoma, kama haijakunogea unasogea, na anayecheza anajua palepale. Wenye umri wao watakumbuka miaka ya 1990 hapa Dar, vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vilipokuwa vinajaza kumbi za baa. Usiku mmoja unapata ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na taarabu. Kichekesho kikilegea watu wanaagiza nyama, wanapiga soga, wanasubiri kinachofuata. Msanii alikuwa analipwa kwa macho ya watu, dakika kwa dakika.

Hata kwa wenzetu Waingereza kimya hiki hakikuwapo siku zote. Pale London, ukumbi wa Globe umejengwa upya kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare, na mbele ya jukwaa kuna uwanja ambao watu wapatao 700 wanasimama kwa tiketi ya bei ya chini. Kwa miaka mingi ilikuwa pauni 5. Ndipo mwaka 2012 kundi kutoka Kenya lilipocheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Mtu aliyesimama akichoka anasogea, na mchezo unaendelea. Kiti cha kununua ndicho kinachotufanya tujione tumefungwa pingu.

KABLA HUJANYANYUKA

Sasa nisije nikaonekana nawafundisha watu kukimbia. Kuna kitu kimoja lazima ujiulize kabla hujachukua mkoba: mchezo ni mbovu, au sio tu ulioutarajia?

Kuna mchezo wa Samuel Beckett unaitwa Waiting for Godot. Watu wawili wanamsubiri mtu, basi. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, Januari 1953. Miaka mitatu baadaye, Januari 1956, ukapelekwa Miami, Marekani. Jukwaani alikuwepo Bert Lahr, mchekeshaji maarufu aliyecheza yule simba mwoga kwenye filamu ya The Wizard of Oz, na matangazo yaliwaambia watu wanakuja kuvunjika mbavu. Watu wakaja wamependeza, wakakuta wanaume wawili wenye nguo chakavu wanasubiri. Mapumziko yalipofika, sehemu kubwa ya ukumbi ikaondoka.

Novemba 1957 mchezo huohuo ukachezwa ndani ya gereza la San Quentin, California, mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Ulichaguliwa kwa sababu hauna mhusika mwanamke. Gazeti la gereza liliandika kuhusu waliokuwa wamejipanga kuondoka mapema, wakajikuta wamebaki mpaka mwisho. Watu wanaojua kusubiri ni nini, wala hawakuhitaji kuelezwa. Baadaye gerezani pale kikaanzishwa kikundi cha maigizo, na mfungwa mmoja, Rick Cluchey, alipotoka akafanya kazi jukwaani na Beckett mwenyewe.

Mchezo ni uleule. Ila watu wa Miami waliuziwa kitu kingine. Kwa hiyo siku hizi mimi nasoma tangazo vizuri kabla ya kununua, na nikiwa nimechoka na kazi sinunui mchezo mzito. Nikiwa ndani, najiuliza maswali matatu. Je, nimechoka mimi, au wao ndio wamechoka? Je, wanajitahidi kuniambia kitu ambacho sijakizoea, au hawajafanya mazoezi? Je, kuna hata mtu mmoja pale jukwaani ambaye nataka kujua yatakayompata? Kama jibu la hili la mwisho ni ndiyo, nabaki. Mchezo mgumu ninaupa muda. Mchezo wa mzaha, ambao wenyewe hawakujali kuja wamejiandaa, siudai chochote na wenyewe haunidai.

ADABU YA MLANGONI

Rafiki yangu mmoja ni mwigizaji. Mchana yuko ofisini, jioni mazoezini, na mgao wake mchezo ukiisha wakati mwingine haufikii nauli. Nilimuuliza anajisikiaje mtu akiondoka. Akasema akiondoka wakati wa mapumziko haumii sana. "Tukirudi jukwaani tunahesabu viti. Viti vinasema ukweli kuliko watu wanaotupongeza nje." Kinachomuuma ni anayetoka akiwa anaongea, anayewasha tochi ya simu kutafuta viatu, na yule aliyebaki lakini amezama kwenye simu, sura imemulikwa na kioo kama amekaa baharini na karabai. Huyo, alisema, ni afadhali angeondoka.

Kwa hiyo wapendanao, zingatieni haya. Mapumziko ndiyo mlango wa heshima, utumieni. Siku hizi michezo mingi inakwenda dakika 90 bila mapumziko, kwa hiyo ulizeni mapema, na kama hamna uhakika kaeni viti vya pembeni, karibu na njia. Mstari wa mbele ni kwa wenye nia ya kubaki. Mkilazimika kutoka katikati, subirini taa zinapozimwa kubadilisha onyesho, au watu wanapopiga makofi. Kama mnamjua mmoja wa waigizaji, bakini, huo ni msiba wa jirani. Na ukiondoka usiende kumwaga sumu kwamba mchezo mzima ni takataka, wakati hujaona nusu yake. Sema ulichokiona, ishia hapo.

TULICHOTOKA NACHO

Kuna usiku nilimtulizia mkono. Ulikuwa mchezo wa mwanamke mmoja tu jukwaani, anafua nguo za marehemu mume wake, anaongea nazo. Baba Neema akaminya mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshikwa koo. Akasubiri kidogo, akatoka taratibu taa zilipofifia. Nilipotoka macho mekundu nikamkuta nje, ameninunulia mahindi ya kuchoma. Hakuuliza "sasa pale ulikuwa unalilia nini?" Akasema, "Nisimulie." Nikamsimulia njia nzima mpaka Tabata. Huo ndio mchezo ninaoukumbuka kuliko yote, na yeye hakuuona nusu yake.

Lakini kubwa lilikuja mwaka uliofuata. Baba Neema alikuwa na Hiace, daladala aliyoinunua kabla hatujaoana. Kila mwezi ilikuwa gereji. Akishaweka injini, gia boksi. Akishaweka gia boksi, dereva amegonga. Akiba yetu ya ada ya Neema ilikuwa inaishia kule, na nikigusia tu anasema, "Nimeshaweka hela nyingi mno pale, siwezi kuiacha sasa." Tulishawahi kulala tumegeuziana migongo kwa sababu ya Hiace ile.

Usiku mmoja tukiwa tumekaa barazani, simu ya fundi ikaingia tena. Akaisikiliza, akakata, akanyamaza. Halafu akanishika mkono, akaniminya kidole gumba. Mara mbili.

Nikamrudishia mara mbili. Wiki ile ile tukaiuza, kwa hasara, na Januari ada ililipwa kwa wakati.

Sisemi kila kitu kikilegea ukimbie. Ndoa si tiketi, wala mtoto hana mapumziko ya kutokea. Nasema tu kwamba hela iliyokwenda isiwe ndiyo sababu ya kubaki, na mwenzako asiteseke akidhani unafurahi. Kwa hiyo wikiendi hii mkienda kuangalia maigizo, na nendeni maana wasanii wetu wanatuhitaji, ulizaneni kabla taa hazijazimwa: mchezo ukibuma, ishara yetu ni ipi?